Mgonjwa wa Akili Aanzie Wapi Tiba Yake?

Mama mmoja wa kijiji kimoja cha mkoa wa Singida alikuwa na kijana wa miaka 21, mtulivu, fundi wa baiskeli na pikipiki. Watoto wa jirani walimpenda sana, kwani aliwazibia mipira ya baiskeli bila ya kudai senti. Mwaka 2021, baada ya mavuno ya alizeti, kijana huyu akaanza kubadilika. Kwanza aliacha kulala. Usiku kucha alizunguka uani akinong'ona. Kisha akaacha kula chakula alichopika dada yake, maana, alisema, kimetiwa kitu. Akaziba matundu ya dirisha kwa matambara. Siku moja fundi mwenzake alipokuja kumwamkia, alimjia juu kwa hasira, akamwambia kwamba ameyasikia yote waliyomsema usiku chini ya dirisha. Mwenzake huyo usiku ule alikuwa Manyoni.

Mama yake aliona, baba yake mdogo aliona, majirani wote waliona. Lakini tangu siku hizo mpaka siku kijana alipokaa kitini mbele ya tabibu ilipita miezi 11. Habari hii naiandika kwa ajili ya miezi hiyo 11. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na dawa, na dawa ilikuwako katika mji ambao basi hufika kwa saa 2 tu. Kazi kubwa ilikuwa kuanza.

Miezi ile ilikwenda wapi? Mama mwenyewe alinihesabia kwa vidole, tukiwa tumekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake. Miezi 2 walingoja. Wengine walisema ni uchovu, wengine wakasema ni mapenzi, wengine bangi. Katika muda huo walimpeleka mara moja zahanati, lakini kwa aibu wakaeleza kichwa tu: kichwa kinauma, halali. Wakapewa dawa za kichwa wakarudi. Miezi 4 ikaishia mikononi mwa waganga watatu. Wa kwanza alisema mwenye kosa ni shangazi, wa pili akasema ni jirani wa upande wa mashariki, wa tatu akasema ni babu aliyesahauliwa kaburini. Ng'ombe 2 na mbuzi 6 walikwenda huko, na yule shangazi mpaka leo hajakanyaga tena nyumba ile. Miezi 3 kijana alilala mahali pa maombezi, mguu wake ukiwa katika mnyororo, kwa sababu mara mbili alijaribu kutoroka. Kovu lake nimeliona. Miezi 2 ya mwisho alifungiwa chumbani nyumbani kwao, akipitishiwa chakula dirishani.

Nilimwuliza mama kama hakujua hospitali.

"Hospitali naijua," akanijibu. "Wanangu watano nimewazalia huko. Lakini mimi nilijua hospitali ni ya homa na ya kujifungua. Hospitali ya wazimu naijua moja tu, Mirembe, nikaona nikimpeleka huko sitamwona tena. Tena, mwalimu, nina binti. Nani atakuja kuposa nyumba yenye mtu wa Mirembe?"

Wasomaji wengi wanajua vema mama huyu anasema nini. Jina la Mirembe tumelifanya tusi. Mtoto akicheza vibaya uwanjani twamwambia ametoroka Mirembe. Mtu akivaa viatu visivyofanana, ndiyo hivyo hivyo. Ndugu zetu wa Kenya nao hulitumia jina la Mathari kwa mzaha ule ule. Basi mtu anapougua kweli, lile jina tulilolichezea miaka yote linasimama mlangoni kama askari.

Kusema haki, hofu ya wazee ilikuwa na msingi. Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927. Ile ya Mathari, Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Katika miaka hiyo, huku kwetu na hata Ulaya, hospitali za namna hii zilikuwa na kuta na kufuli, lakini dawa ya kutuliza sauti zile anazozisikia mgonjwa haikuwako duniani. Aliyeingia aliweza kukaa humo miaka mingi. Mwaka 1952 ndipo madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walipowapa wagonjwa wao dawa iitwayo kloropromazini, wakaona watu waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha wakilala, na baada ya wiki kadhaa wakizungumza kama watu wengine. Dawa nyingine zikafuata. Tangu hapo mlango wa hospitali hizi umekuwa wa kuingia na kutoka. Lakini habari hii ya pili haikutembea vijijini kwa kasi kama ile ya kwanza.

Hata kabla ya dawa walikuwako waliojaribu njia ya upole. Juu ya milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, iko hospitali ya Lutindi ya Kanisa la Kilutheri. Mahali hapo palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwaka 1904 pakageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Kazi ya shamba na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba huko. Na huko Nigeria, mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza jambo ambalo madaktari wa nchi nyingi walikuja kulitazama. Hospitali yake ya Aro, karibu na mji wa Abeokuta, ilipanga wagonjwa katika nyumba za wanakijiji wa jirani, kila mgonjwa akiwa na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia, wakaenda hospitali kwa tiba na kurudi kijijini kulala. Daktari Lambo aliona kwamba mgonjwa akiondolewa kabisa katika watu wake, hata akipata nafuu, ni vigumu kumrudisha.

Nimeyaeleza haya kwa sababu watu wengi hudhani tiba ya akili huanzia Dodoma. Sivyo. Huanzia karibu. Mirembe ni ya wale ambao wamewashinda wengine. Kabla ya hapo iko hospitali ya wilaya, iko ya mkoa, ziko hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zote zikiwa na idara ya magonjwa ya akili. Na Unguja iko hospitali ya Kidongo Chekundu. Na kabla ya hizo zote iko zahanati au kituo cha afya cha karibu nawe. Hapo ndipo pa kuanzia. Pengine muuguzi wa hapo hatakuwa na dawa ya akili kabatini mwake, lakini ataweza kumtazama mgonjwa na kukuandikia barua ya rufaa, na barua hiyo ni nusu ya safari.

Kwa kijana wetu barua ilikuja yenyewe mlangoni. Muuguzi wa zahanati ya kijiji cha pili alipita kwa ajili ya chanjo za watoto, akasikia mtu anagonga ukuta kwa ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, humo ndani kuna nani?"

Mama akanyamaza kitambo. "Ni mwanangu. Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Watu wanasema..."

"Sikuulizi wanachosema watu, mama yangu. Nakuuliza wewe unamwonaje. Analala? Anakula? Anazungumza na nani?"

Mama aliniambia kwamba hapo alikaa chini akalia. Katika miezi 11 kila mtu alimwambia ni nani aliyemfanyia mwanawe jambo lile. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama mwanawe analala.

Barua iliandikwa siku ile ile. Hospitali ya wilaya ilikuwa na kliniki ya akili siku ya Jumanne. (Ulizia jambo hili kabla ya kukata tikiti ya basi. Hospitali nyingi zina siku maalumu kwa kliniki hiyo, na mtu aliyetoka mbali na mgonjwa msumbufu akifika siku nyingine huenda asirudi tena.) Padre wa parokia alipoombwa baraka ya safari alibariki, kisha akatia mkono mfukoni akaongeza nauli ya mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu alikuwa mjomba, ambaye ndiye pekee kijana aliyekuwa bado anamsikiliza. Hawakumdanganya kwamba wanakwenda harusini, kama wengi wafanyavyo. Mjomba alimwambia tu: "Mpwa wangu, hulali. Mimi naona unateseka. Twende kwa daktari akupe dawa ya usingizi, na mimi nitakuwa na wewe mpaka tutakaporudi." Kijana alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Angalia maneno ya mjomba. Hakubishana naye kama sauti zile zipo au hazipo. Alishika kile ambacho kijana mwenyewe alikiona kuwa ni taabu, yaani kukosa usingizi.

Wengi huogopa kliniki kwa sababu hawajui kutakuwa na nini. Basi niseme. Kuna benchi, kuna watu wengine wenye madaftari yao, na wengi wao huwezi hata kuwatambua kuwa ni wagonjwa. Unaingia chumbani, na karibu kazi yote ya siku ya kwanza ni mazungumzo. Tabibu atamsikiliza mgonjwa peke yake, na atamsikiliza aliyemleta. Atataka kujua ilianza lini, ilianzaje, kama katika ukoo yuko mwingine aliyewahi kuugua hivyo, kama aliwahi kuumia kichwa, kama huanguka kifafa, kama anakunywa pombe au anavuta bangi, na dawa gani amekwisha kunywa. Hapo usifiche kitu. Mizizi ya mganga nayo itaje, kwani baadhi ya dawa hazipatani. Mtu anayefaa kwenda na mgonjwa ni yule anayelala naye nyumba moja, hata kama si mkubwa wa ukoo. Baba mdogo anayekaa Dar es Salaam anaweza kuzungumza kwa ufasaha, lakini hajui kijana alilala saa ngapi juzi.

Kisha watatoa damu. Watu hushangaa: damu ya nini, na ugonjwa ni wa kichwani? Sababu iko. Malaria kali humfanya mtu apayuke. Kaswende ya muda mrefu, virusi vya UKIMWI, tezi ya shingo iliyoharibika, sukari iliyopanda au kushuka, yote haya yaweza kuvuruga akili, na kila moja lina tiba yake. Kama mtu ameanza kuchanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, tena ana homa, huyo asingoje siku ya kliniki. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Na kifafa pia hutibiwa mara nyingi katika kliniki hizi. Wazee wa Mahenge, katika Ulanga, wangali wanakumbuka habari za Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwakuta huko watu wenye kifafa wakitengwa kwa hofu, hata hawali chungu kimoja na wenzao. Akaanzisha kliniki yao, akawapa vidonge vya fenobabito, dawa ya bei ndogo. Wengi waliokuwa wakianguka mara kwa mara, na kuungua motoni, wakapungukiwa na kuanguka, wengine wakaacha kabisa. Alirudi Mahenge mara nyingi katika maisha yake, na kliniki ile ikaendelea.

Narudi kwa kijana wetu. Tabibu alisema ugonjwa wake unafanana na ule madaktari wanaouita skizofrenia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu kama milioni 24 duniani walikuwa nao, yaani karibu mtu 1 katika kila watu 300. Na mara nyingi huanza katika umri huo huo wa kijana, miaka ya mwisho ya ujana na ile ya ishirini na kitu. Ndiyo maana huonekana kama husuda. Humjia mtu pale pale anapoanza kushika kazi, na watu wakasema, tazama, walimwonea wivu.

Kuhusu bangi tabibu hakumkaripia. Alimwambia kwamba si kila avutaye huugua, lakini kwa mwenye ugonjwa huu bangi ni kumwagia mafuta kwenye moto. Kijana alisema atajaribu kuiacha. Ilimchukua mwaka.

Wakarudi na vidonge vya haloperidoli, na siku ya nne kijana alilala usiku mzima. Wiki ya pili alikula chakula cha dada yake. Sasa lingekuwa jambo la kupendeza kama ningeweza kuandika kwamba mambo yakaendelea hivyo tu. Wiki ya tatu shingo yake ilikakamaa upande mmoja, mikono ikatetemeka, mate yakamtoka mdomoni kama mtoto. Jirani mmoja akasema, "Si niliwaambia? Hospitali wanamwua." Mama akaogopa akaficha vidonge. Kwa wiki 5 kijana alionekana mzima, na kila mtu akamsifu mama kwa busara yake. Wiki ya sita matambara yakarudi dirishani.

Hapa ndipo wengi wanapokomea. Husema: tulijaribu hospitali, haikufaa. Mama huyu alirudi, kwa aibu, akitazamia kugombezwa. Tabibu alimwuliza shingo ilianza siku gani, akaandika, kisha akamweleza kwamba ukakamavu ule ni jambo linalojulikana la dawa ile. Iko dawa nyingine ndogo ya kuuondoa, na kipimo chaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Kosa, alisema, lilikuwa la kliniki pia, kwa kutowaeleza mapema. Nilimpenda sana tabibu huyo niliposikia hivyo. Basi wewe unayeanza leo, kabla ya kuondoka kliniki uliza maneno mawili haya: dawa hii yaweza kumletea nini kibaya, na nikikiona nifanye nini.

Kijana sasa hachukui vidonge kila siku. Anachomwa sindano moja kila mwezi, ambayo dawa yake hutoka polepole mwilini. Kwa mtu anayesahau, au anayechoka kunywa vidonge mbele ya macho ya watu, sindano hiyo ni raha. Aliambiwa kwamba hata baada ya kupata nafuu kamili tiba itaendelea angalau mwaka, na huenda miaka, na kwamba siku ya kuiacha itaamuliwa na wote watatu, yaani yeye, mama na tabibu.

Nimekaa muda mrefu kwenye habari ya kijana huyu kwa sababu wazimu wa wazi unaonekana na kila mtu. Lakini wagonjwa wengi zaidi wa akili hawapigi ukuta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na ugonjwa fulani wa akili, na walio wengi kati yao ni watu wa huzuni nzito na wasiwasi. Hawa huenda zahanati kwa miguu yao wenyewe, wakasema: kichwa, moyo unakwenda mbio, mgongo, mwili hauna nguvu. Wanapewa dawa za maumivu. Mama aliyejifungua miezi 2 iliyopita, hataki kumtazama mtoto, analia jikoni peke yake, jamaa wanasema amekuwa mvivu. Mzee aliyefiwa na mkewe hatoki tena kwenda shamba, wanasema ni uzee. Kama huzuni imezidi wiki 2, haiondoki hata siku moja, imechukua usingizi, hamu ya kula na hamu ya kazi, hiyo imekuwa ugonjwa, na unatibika. Yafaa kumwambia muuguzi waziwazi: "Sina furaha na kitu chochote, nalia bila sababu." Ukisema kichwa tu, utatibiwa kichwa.

Kwa watu hawa dawa si vidonge peke yake. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda hakuwa na madaktari wa kutosha, basi akawafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawapa benchi la mbao nje ya kliniki. Mgonjwa huketi na bibi, akaeleza yanayomwelemea, bibi humsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo na hatua moja ya wiki ile. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi si twasema vivyo hivyo, "ana mawazo"? Mwaka 2016 matokeo ya kazi yao yalichapishwa, yakionyesha kwamba waliokaa na akina bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanaohitaji vidonge vya huzuni nao wajue kwamba dawa hizo huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuonekana faida. Wengi huzitupa siku ya 10, wakisema ni maji.

Liko neno moja ambalo ndugu huogopa kulitamka. Mtu akisema amechoka na dunia, au akianza kugawa vitu vyake, mwulize bila kuzunguka: "Je, unafikiri kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Wengi husema walipoulizwa walihisi mzigo umeshuka. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za kunyunyizia pamba na mboga pamoja na kamba na vidonge vilivyolala kabatini, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wala usimwahidi kwamba itakuwa siri kati yenu.

Na kama mgonjwa amekataa kabisa, tena ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine? Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo inaeleza jinsi mgonjwa anavyopokelewa hospitalini kwa hiari yake, na jinsi anavyopokelewa asipoweza kuamua mwenyewe. Nenda hospitalini au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya kabla hujakusanya vijana wa kumfunga kamba, watakueleza njia. Afisa huyo ndiye wa kumwuliza pia habari za msamaha wa malipo kwa asiyejiweza.

Watu huniuliza: waganga je, na maombi je? Mimi sijaona faida ya kumgombeza mama kwa sababu alikwenda kwa mganga. Alikwenda kwa kuwa alimpenda mwanawe. Lakini mahali popote panapokuambia uache dawa za hospitali, au panapofunga watu minyororo na kuwanyima chakula, mtoe mtu wako siku hiyo hiyo. Kusali na kumeza kidonge havigombani. Padre yule wa nauli husali na kijana huyu mara nyingi, na humwuliza kwanza kama amekwisha kuchoma sindano ya mwezi.

Nilipowatembelea mara ya mwisho kijana alikuwa chini ya mwembe, ameegemeza pikipiki ya mtu, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Hakuzungumza sana. Sauti, aliniambia, huja mara chache, kwa mbali, kama redio ya jirani, na anaweza kuendelea na kazi. Daftari lake la kliniki liko dukani, ndani ya boksi la spana, mahali ambapo mteja yeyote anaweza kuliona. Nilimwuliza kama haoni aibu. Akafikiri kidogo, akafuta mikono.

"Fundi mwenzangu wa barabarani alikuja wiki iliyopita kulitazama," akasema. "Anataka kujua kliniki ni siku gani. Ana mdogo wake."

Dada yake aliposwa mwezi wa Agosti. Mama anamsubiri shangazi. Amekwisha kumtumia ujumbe mara mbili.